Kamusi ya Grose: nimeisoma kwa ajili ya msosi tu

Hii nimeidaunilodi bure Project Gutenberg, toleo la 1811 la ile kamusi ya Francis Grose iliyotoka mara ya kwanza 1785, A Classical Dictionary of the Vulgar Tongue, yaani Kiingereza cha mtaani cha enzi hizo, na sijaisoma yote jamani, nimesaka maneno ya kula na kunywa basi. Grose mwenyewe alikuwa bonge la mtu kwa hiyo msosi alikuwa anaujua.

Chakula humo ni "belly timber", mbao za tumbo. Tumbo lenyewe ni "victualling office", jina la ile ofisi iliyokuwa inalisha manowari zao. Nikakuta kula na Duke Humphrey nikajua hapa kuna pilau, kumbe ndo kupiga pasi ndefu! Kanisa la zamani la St. Paul's pale London lilikuwa na ujia unaitwa kwa jina lake, wenzio wakienda kula wewe huna kitu unabaki kuranda randa humo, basi umekula na Duke.

Ila chai ndo iliniua. "Scandal broth", mchuzi wa umbea. Nimeisoma kwa sauti kazini saa nne watu wana vitumbua mkononi, dada mmoja alikuwa katikati ya habari za jirani yake, akaweka kikombe chini akaniuliza "unanisema mimi?" Na sisi tukisema hiyo chai si tunamaanisha stori ya uongo, tofauti iko wapi sasa.

Ubaya wake, imepangwa kwa alfabeti tu, ya chakula utayachambua mwenyewe kwenye faili moja refuuu, na kwenye simu ni mateso. Halafu matusi, hasa kwa wanawake na Waairishi, yamejaa, mtoto usimpe. Maelezo nayo mengine ya kubana, mfano "huckle my buff" wanakwambia ni bia, yai na brandi vikiwa vya moto, vipimo hakuna, nilitaka kujaribu nikaghairi.

Nampa nne kwa tano. Hiyo nne karibu nzima ni ya "admiral of the narrow seas", mlevi anayemtapikia mapajani aliyekaa mbele yake, maana nilishawahi kukaa naye uso kwa uso kwenye daladala ya usiku na miaka yote nilikuwa sijui cheo chake.