Darasa la Madam wa Sakina: nahau za wanyama kwa sisi tunaoongoza watalii

Mgeni wa safari mara nyingi halalamiki waziwazi, hasa Mwingereza. Umemzungusha tangu saa kumi na mbili asubuhi ukimtafuta chui kwenye miti ya mto Seronera, Serengeti, jua linazama, hamjaona hata mkia. Hatakuambia umempotezea siku. Atamgeukia mke wake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Well, that was a bit of a wild goose chase," yaani msako wa bure. Dereva aliyedaka neno "goose" peke yake atafurahi kwamba wageni wake wanapenda ndege, na kesho yake atawapeleka bwawani kuwaonyesha bata bukini wa Misri. Siku ya mwisho bahasha ya tipu inakuja nyembamba na hajui kosa lake.

Kwa ajili ya mambo kama hayo nawaandikia waongoza watalii wenzangu kuhusu darasa la jioni la Sakina, hapa Arusha. Halina bango wala jina la kituo. Ukifika Sakina ukauliza nyumbani kwa Madam anayefundisha madereva wa safari, utaelekezwa. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na sote tunamwita Madam tu, hata wazee wetu wenye mvi. Darasa ni banda la nyuma ya nyumba yake, madawati ya mbao na ubao mweusi. Kozi ni ya wiki sita, Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, na Ijumaa mazoezi. Ada ni shilingi 80,000, inalipwa yote mwanzoni. Anafundisha wakati wa masika, Aprili na Mei, magari yakiwa yamelala gereji, na mara nyingine Novemba.

Kozi nzima inahusu Kiingereza cha kuzungumza na wageni, lakini nataka kuzungumzia zaidi wiki mbili za nahau zenye majina ya wanyama. Hizo ndizo zilizonifanya niiheshimu kazi yake.

Madarasa mengi ya Kiingereza yanafundisha nahau kwa orodha. Unapewa karatasi, kushoto nahau, kulia maana yake, ukakariri. Shida yake ni kwamba mgeni hasemi kwa mpangilio wa orodha. Madam anaanza na tukio. Anasema: mmefika geti la Naabi la kuingilia Serengeti, foleni ndefu, mgeni anataka kushuka kabla hujasimamisha gari vizuri. Unamwambiaje? Mmoja wetu akajibu kwa kujiamini, "Hold your horses." Maana alikuwa nayo sawasawa, subiri kwanza, usiwe na haraka. Lakini Madam akamuuliza ni nani anayemwambia nani maneno hayo. Rafiki kwa rafiki, sawa. Baba kwa mtoto, sawa. Dereva kwa mama wa miaka sabini aliyelipa pesa yake, hapana, inasikika kama unamkaripia. Basi somo zima la siku ile likawa hilo: nahau ina umri, ina cheo, ina mahali pake. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tulimwelewa mara moja.

Ubaoni anachora safu tatu: za kusema, za kuelewa tu, na za kuacha. Kila nahau lazima ipate safu yake kabla hatujaondoka, na tunabishana kweli. "Early bird" iliingia safu ya kwanza bila ubishi, kwa sababu ndiyo kazi yetu yenyewe. Sisi tuna biashara asubuhi, jioni mahesabu. Wao wana ndege anayewahi kumpata mnyoo, na ukiwaambia hivyo mezani usiku, asubuhi wanaamka bila kununa. "Raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, ikaenda safu ya pili. Iko kwenye kila kitabu cha mwanafunzi, lakini Madam anasema Waingereza wenyewe siku hizi hawaisemi sana, na anayeisema anasikika kama kitabu cha zamani. Zile zinazomwita mtu nguruwe au panya zote zilikwenda safu ya tatu, na hazikujadiliwa.

Bundi alituchukua jioni nzima. Mgeni anajisifu, "I'm a night owl." Madam akauliza kwanza bundi kwetu ni nani. Mmeru akajibu, Mchaga akajibu, Muiraqw kutoka Karatu akajibu, na majibu yalifanana: bundi akilia juu ya paa la nyumba, watu hawalali vizuri. Mmoja alisema bibi yake alikuwa akimfukuza kwa kijinga cha moto. Sasa mgeni huyu anajiita bundi na anacheka. Madam akatueleza kwamba kwa Kiingereza hapo hakuna nuksi yoyote, ni mtu anayechelewa kulala tu. Kisha akatuuliza, sasa ukishajua hivyo utafanya nini? Hapo ndipo unapoona mwalimu anayeifahamu kazi ya wanafunzi wake. Jibu lake: mtu huyo usimwekee safari ya alfajiri ya puto la kupaa angani bila kumuuliza mara mbili, maana gari la puto linamfuata hotelini giza bado nene. Na kifungua kinywa chake umuulize saa, usiamue mwenyewe.

Mbwa alileta ugomvi mkubwa zaidi. "You lucky dog!" mgeni anamwambia dereva aliyewahi kuona faru watatu kwa siku moja. Mzee mmoja darasani, dereva wa tangu enzi za Land Rover, alisema wazi kwamba maana ameielewa, lakini kuitwa mbwa hataki, hata kwa pongezi. Madam hakumlazimisha. Alimwambia, "Mzee wangu, hulazimiki kuipenda wala kuisema. Ila yule aliyekwambia alikuwa anakupongeza, kwa hiyo uso wako usibadilike." Mzee akakubali hapo hapo.

Kitu kingine kizuri sana katika darasa hili ni kwamba wanyama wenyewe sisi tunawajua kuliko mwalimu, naye haoni aibu kutuachia tufundishe. Alipofika kwenye mbuni anayefukia kichwa mchangani, msemo wa mtu anayekataa kuona tatizo lililo mbele yake, darasa zima lilinyanyua mikono. Hakuna aliyewahi kuona mbuni akifanya hivyo, kwa sababu hafanyi. Kiota chake ni shimo la kina kifupi ardhini, na mbuni huinamisha kichwa kuyageuza mayai kwa mdomo. Ukiwa mbali, kichwa hukioni. Akihisi hatari akiwa juu ya mayai hujilaza na kunyoosha shingo chini, akafanana na kichuguu. Madam akaongeza upande wake: hadithi ni ya zamani sana, Pliny Mrumi wa karne ya kwanza aliandika kwamba mbuni akificha kichwa kichakani anadhani amejificha mwili mzima. Akatufundisha sentensi ya Kiingereza ya kumweleza mgeni hayo bila kumfanya ajione mjinga kwa kuamini. Mimi huitumia kila nikipita Ndutu na mbuni wako karibu, na wageni wanaipenda, wengine wanaiandika.

Jioni ya simba ilikuwa bora kuliko zote. "The lion's share" ni fungu kubwa kuliko mengine. Madam alitusimulia asili yake katika ngano za Aesop: simba aliwinda pamoja na wenzake, nyama ikagawanywa mafungu manne, akachukua la kwanza, akachukua la pili, la tatu, na la nne akasema aliguse atakayethubutu. Kwa hiyo fungu la simba katika ngano ni kila kitu. Siku hizi Waingereza wanamaanisha sehemu kubwa tu, na inaweza kuwa ya kazi, ya pesa au ya lawama. Sisi tukaongeza ya kreta ya Ngorongoro. Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi, aliwafuata fisi wa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960 na akaonyesha kwamba kule kreta fisi wanawinda wenyewe chakula chao kingi, na simba ndiye anayekuja kupora. Kila anayefanya kazi kreta ameliona hilo alfajiri: fisi wameangusha nyumbu, simba dume anakuja akitembea taratibu, fisi wanabaki pembeni wakilia. Mgeni akifika saa tatu anamkuta simba juu ya mzoga, fisi wamezunguka, na anasema fisi ni wezi. Ukimweleza mambo yalivyoanza, halafu ukamalizia na nahau yake mwenyewe, "so he took the lion's share," umempa kitu cha kuwasimulia nyumbani kwake. Madam alitufanyisha maelezo hayo mpaka kila mmoja akayasema bila kusoma.

Chui asiyeweza kubadili madoadoa yake alipita haraka, kwa sababu wengi tulishakutana naye kanisani, Yeremia 13:23. Machozi ya mamba pia, tunayo kwa Kiswahili vilevile. "Guinea pig" ilihitaji muda kidogo. Kwetu "guinea" ni kanga, "guinea fowl", tunayemwonyesha mgeni kila siku barabarani. Huyu mwingine si kanga wala nguruwe, ni simbilisi, na mgeni akisema "so we are your guinea pigs" baada ya kusikia kwamba njia mnayopita ni mpya kwako, ana wasiwasi kwamba unamfanyia majaribio. Hilo ni lalamiko. Mtulize, mweleze njia unaijuaje.

Ijumaa ndiyo siku ninayoisifia kuliko zote. Land Cruiser ya mmoja wa wanafunzi inaegeshwa uani, mmoja anakaa kwenye usukani, wengine nyuma wanakuwa wageni, na Madam anawapa vikaratasi vya maneno ya kusema. Sheria ni kwamba dereva haruhusiwi kugeuka. Anasikia tu na kutazama kioo, injini ikiwa inanguruma, kama porini. Hapo unagundua kwamba nahau uliyoijua ubaoni huisikii kwenye gari. "A little bird told me it's your birthday", yaani nimedokezwa kwamba ni siku yako ya kuzaliwa, inakufika kama "bird" na "birthday" tu, na kama hujazoea, unasimamisha gari utafute ndege. Mwenzetu mmoja aliambiwa "I've got butterflies in my stomach" akakimbilia boksi la huduma ya kwanza. Madam akampongeza kwa moyo wake wa kujali, kisha akatufafanulia wote kwamba ni hofu ya furaha, kama ya mtu anayesubiri kupanda puto. Sijaona darasa lingine linalofanya zoezi hili, na kwa dereva ndilo zoezi lenyewe.

Sasa mapungufu, na ninayasema kwa sababu ninataka darasa liendelee. Daftari la kazi ni fotokopi ya fotokopi, picha zimekuwa weusi mtupu. Tena picha zenyewe zinachora nahau neno kwa neno, paka na mbwa wakidondoka toka mawinguni, farasi akizungumza, na zinamwachia mwanafunzi picha ya mnyama kichwani badala ya maana. Kwa watu ambao wanyama ndiyo kazi yao, hiyo ni hatari zaidi kuliko kwa karani wa benki. Afadhali picha za matukio: meza ya chakula, foleni ya geti, mgeni amekunja uso.

Pili, Kiingereza chote ni cha Uingereza. Wageni wetu wengi ni Wamarekani, wengine Waaustralia, na masikio yanapata tabu. Mimi nimejisaidia na vipindi vya BBC Learning English kwenye simu, hasa kile kinachoitwa The English We Speak, msemo mmoja kila kipindi, dakika chache, bure. BBC wanafundisha Kiingereza tangu 1943 na wanajua kueleza. Lakini nao ni Waingereza, kwa hiyo sauti za Kimarekani lazima uzitafute mwenyewe.

Tatu, ratiba. Ukipata safari katikati ya kozi, na nani ataikataa safari, masomo uliyokosa yamekwenda, hakuna rekodi na ada hairudi. Nilimwomba Madam aruhusu tukamilishe siku zilizobaki kwenye kozi ya Novemba. Alisema atafikiria. Watakaojiandikisha, naomba mumkumbushe.

Asiyeweza bado kusimulia jana alifanya nini kwa Kiingereza asianze hapa, aanze na sarufi kwanza. Nahau zitamchanganya na pesa itapotea. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongozaji nao watafaidika, ingawa mifano mingi ni ya porini. Lakini dereva mwenye misimu kadhaa, anayeongea vizuri na bado anaona wageni wanacheka nyuma yake bila yeye kujua kwa nini, huyo ndiye darasa hili lilitengenezwa kwa ajili yake.

Ukienda kujiandikisha, nenda wiki ya mwisho ya Machi, mapema, kabla banda halijajaa. Na mwombeni Madam alete somo la "wild goose chase" wiki ya kwanza ya nahau, kwa sababu alilifundisha mwishoni, wakati wengi walishapata safari na kuondoka.