Wrong au incorrect: lipi litumike wapi?

Kamusi nyingi hukupa jibu moja kwa yote mawili: "si sahihi". Kwa jibu la hesabu hilo linatosha. Wrong answer na incorrect answer ni kitu kimoja. Shida huanza ukitoka darasani.

Wrong limebeba mengi. Asili yake ni neno la Kinorsi cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, lenye maana ya kitu kilichopinda, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili yuko nyumbani: sisi nasi tunapota kamba, kisha tunasema fulani amepotoka. Ndiyo maana kuiba ni wrong. Ukisema kuiba ni incorrect, utaeleweka kana kwamba mwizi amekosea tahajia. Tena wrong hubeba kitu kisichofaa hapo ulipo: umepanda the wrong bus. Basi lenyewe ni zima, ila haliendi kwako. Angalia pia hiyo the. Wanafunzi wengi huweka a, na sikio la Mwingereza hushtuka. Ukimkuta mtu analia, unamuuliza "What's wrong?" Incorrect haliingii hapo kamwe.

Incorrect, la Kilatini, ni la maandishi na takwimu: nywila, tarehe, anwani. Ni rasmi na halimgusi mtu. Kwa hiyo ukimsahihisha mkubwa wako kazini, mimi ningechagua "This figure is incorrect" kuliko "You are wrong". La kwanza linagusa tarakimu, la pili linamgusa yeye.

Na w ya wrong haitamkwi.