Nyota nne, ya tano imebaki ngazini

Mimi ni fundi wa mashua, mtu wa Matondoni. Mwaka jana jarari, kamba ya kupandishia tanga, ilikatika, na foromali, boriti inayobeba tanga, ikanishukia kichwani upande wa kushoto. Nikalazwa, nikatoka, ila mkono wa kulia ukabaki mzito: nyundo naishika, msumari unaniponyoka. Ndipo nikaanza kwenda Malindi kwenye chumba kimoja cha mazoezi ya viungo. Nimeshakwenda mara kumi na mbili.

Kwanza lawama, zipite. Chumba kiko ghorofani na ngazi zake hazina pa kushika. Wateja wenyewe ni watu wa kiharusi na walioanguka bodaboda! Siku ya kwanza nilimkuta mzee akipandishwa mgongoni mwa mwanawe. Ukiambiwa saa tatu, utaonwa saa tano. Zamu moja ni shilingi 1,500, na sisi wa Lamu tuna boti ya Mokowe na basi juu yake.

Linalonirudisha ni hili. Kabla ya hapo niliuziwa chupa ya dawa ya "kuyeyusha kovu la ubongo", nikainywa mwezi mzima. Nilipomwonyesha mtaalamu wa chumba hicho, binti mdogo tu, hakunicheka. Aliniuliza, "Ami, mashua ikivuja mwafanya nini?"

"Twatia kalafati, mwanangu. Pamba na mafuta."

"Basi na kichwani mwako mna mafundi wa kalafati."

Mafundi hao huitwa astrosaiti, seli zenye umbo la nyota (nyota hizo sizihesabu hapa). Siku zote ni watumishi: zimeikumbatia mishipa ya damu kwa vijiguu vyake, zinazilisha seli za neva, zinazoa kemikali zilizomwagika. Pakiumia, hunenepa na kujijaza protini iitwayo GFAP. Protini hiyo huvujia kwenye damu, na huko Marekani tangu 2018 wameruhusu kipimo cha damu kinachoitafuta, kimsaidie daktari kuamua kama mtu aliyegongwa kichwa anahitaji skani. Jeraha likiwa dogo, seli hizo hutulia zikarudi zilivyokuwa. Likiwa kubwa huzaliana, zikasukana ukingoni mwake, na baada ya wiki chache ukuta umesimama. Hilo ndilo kovu. Kazi yake ni kuzuia uvimbe usitambae hadi kwenye ubongo mzima uliosalia.

Nikamwuliza: si ukuta huo huo unaoufungia mkono wangu njia? Akasema wataalamu wengi waliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2016 ulitoka utafiti wa panya walioumia uti wa mgongo: kovu lilizuiwa lisijengeke, na nyuzi za neva hazikuota zenyewe. Majaribio ya kabla yake, yaliyoziua astrosaiti hizo, yalifanya jeraha liwe baya zaidi. "Ukiichomoa pamba, Ami, ubao hauoti."

Nikambishia, maana ufundi ni wangu: kalafati iliyokaa vibaya huozesha ubao. Akakubali! Kovu lina madhara yake, akasema, mna vitu ndani yake vinavyozipinga nyuzi, na waliopata jeraha kubwa la kichwa wengine huja kupata kifafa baadaye. Nikiona mshtuko wowote niende kwa daktari, si kwake. Mtu anayekubali kubishiwa na mteja namwongezea alama.

Chupa niliimwaga. Dawa ya kuyeyusha kovu hana, na hakunidanganya kwamba ipo. Alichonacho ni bakuli la kunde. Unaziokota moja moja kwa vidole viwili, mara mia, huku yeye akihesabu, ili sehemu za ubongo zilizo nzima zijifunze kazi ya zile zilizokufa. Wiki ya kwanza nilizimwaga chini zote nikataka kulia. Wiki ya nne akabadilisha, akaniletea misumari midogo, maana alikumbuka kazi yangu bila kukumbushwa.

Anayetaka kwenda aombe zamu ya alasiri, foleni huwa fupi, na aje na mtu wa kumshika ngazini. Mimi narudi Jumatatu. Keekee yangu ya kutobolea mbao nimeshaitia mkobani, kaniambia safari hii nije na chombo changu mwenyewe.