Plumeria ya Hawaii: tawi tupu au mche wenye mizizi?

Tawi tupu (lisilo na mizizi) la plumeria, mti wa maua yenye harufu nzuri, kutoka Hawaii huwa na bei nafuu kuliko mche, tena husafiri vizuri: sentimita 30 hivi, limefungwa gazeti, bila udongo. Kazi huanza likifika. Liweke kivulini wiki moja au mbili hadi sehemu iliyokatwa ikauke, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano), mwagilia mara moja tu, kisha vumilia. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 12, na majani yanaweza kutangulia yakakudanganya. Maji mengi huliozesha.

Mche ni ghali, ila umeshavuka hatari hiyo. Mimi huchagua tawi, isipokuwa kama msimu wa joto unakaribia kwisha.