Uzoefu wangu: kusaka msosi wa halali China, Guangzhou mpaka Xi'an

Safari zangu mbili za kwanza Guangzhou nilikula vibaya na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nauza mikoba na viatu Kariakoo, kule naenda kuchukua mzigo, na kichwani mwangu China ilikuwa nchi ya nyoka na kitimoto basi, kwa hiyo natoka hoteli naenda sokoni, jioni nakula wali kuku kwenye migahawa ya Waafrika pale Xiaobei, au namwagia maji ya moto tambi za kopo chumbani. Na huo wali bei yake ilikuwa inapita chakula cha Wachina cha jirani, maana pale unalipia na kukumbuka nyumbani. Safari ya tatu nikaongozana na wifi yangu (wifi mke wa kaka, sio ya intaneti, hiyo nitaifikia), yeye hana mzigo wala ajenti, kaja kutembea, siku ya pili tu akanambia "wifi mimi sijapanda ndege masaa yote yale nije kula wali maharage". Hapo ndo nikaanza kujifunza kutafuta chakula China, na nayaandika haya kwa anayekwenda kesho asipoteze safari mbili kama mimi.

Kwa Muislamu kitu cha kwanza ni haya maandishi mawili: 清真. Yanasomeka qingzhen, maana yake chakula cha Kiislamu. Piga skrinshoti weka kwenye simu, baada ya siku tatu macho yanayaona yenyewe hata ukiwa ndani ya basi. Usisubiri neno halali kwa Kiarabu, miji mingi wameyaondoa maandishi ya Kiarabu kwenye vibao miaka hii ya karibuni, nilikuwa napita mlango kwa mlango nikidhani hamna kitu kumbe vipo tele.

Na karibu kila mtaa kuna kijiduka cha tambi za Lanzhou, tambi za kuvuta kwa mkono na supu ya ng'ombe. Kibao kinasema Lanzhou, jina la mji, ila wenyewe wengi ni Wahui (Waislamu wa Kichina) wanatoka Hualong, mkoa wa Qinghai, na watu wa Lanzhou halisi wanasikia vibaya kweli, wanasema kwetu hiki chakula hakiitwi hivyo na hakipikwi hivyo. Mimi ugomvi wao haunihusu, nilikula. Kijana anapiga donge la unga mezani anavuta anakunja anavuta, dakika mbili bakuli liko mbele yako, supu nyepesi, vipande vya figili, mafuta mekundu ya pilipili juu, giligilani. Unachagua na unene wa tambi, nyembamba kama uzi mpaka pana kama mkanda. Yuan 18 tulilipa karibu na hoteli, kama elfu sita na kitu ya kwetu, umeshiba mpaka jioni. Lawama yangu moja tu ni nyama, jamani ile nyama wanaikata nyembamba unaona mwanga upande wa pili. Jifunze kusema jia rou, ongeza nyama, unaongeza hela kidogo unaheshimika.

Sasa apu. Wachina wenyewe wanatumia Dianping, ipo tangu 2003, inaonyesha migahawa iliyo karibu, picha za wateja, na kitu ninachokipenda kuliko vyote, wastani wa hela anayotumia mtu mmoja, unajua kabisa kabla hujaingia kama mfuko unaruhusu. Mimi Kichina sijui hata kidogo, nilikuwa naandika 清真 kwenye kutafuta, naangalia picha, kilichonishinda napiga skrinshoti natupia kwenye apu ya kutafsiri. Inachosha ila inafanya kazi. Nyota zake lakini usizimeze nzima nzima. Kuna mgahawa tuliingia una pointi kibao, kabla hata hatujamaliza kula dada wa pale kaleta sahani ya matunda ya bure, anaonyesha simu, kumbe anataka tuweke nyota tano na picha hapo hapo mezani, na chakula chenyewe kilikuwa cha baridi. Vijana wa kule wana msemo wao siku hizi, mgahawa wa pointi tatu na nusu ndo wenye chakula cha kweli, kwa sababu mpishi yuko jikoni hana muda wa kuomba nyota. Nilidhani ni utani, nikajaribu mara mbili na mara zote mbili tulikula vizuri.

Kwa hiyo mimi apu inanipeleka mtaani tu, duka nachagua kwa macho. Saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu mchana ndo muda wao wa kula, pita muda huo uone wafanyakazi wa maofisini na mafundi wamejazana wapi. Menyu fupi ya ukutani, vyakula vitano sita, ingia. Menyu nene kama albamu ya harusi yenye picha za kila kitu mpaka pizza, pita hivi. Na ukichelewa kama sisi tulivyochelewa siku ya kwanza, saa nane mpaka kumi na moja jioni sehemu nyingi jiko limezimwa, wapishi wamelalia meza, utamwamsha mtu bure akukasirikie.

Malipo maliza ukiwa Bongo. Weka Alipay, apu yao ya kulipia, unganisha kadi ya benki, jaribu kabla hujasafiri, mimi kadi yangu moja (benki siitaji) iligoma nikiwa nimeshakula na mama mwenye duka ananiangalia tu, wifi ndo akaniokoa. Noti wanapokea ila chenji inakuwa shughuli. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hamna makato, ukizidisha hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo chakula cha watu wawili hukatwi kitu. Sehemu nyingi hata kuagiza unaskani alama iliyobandikwa mezani. Na hiyo wifi nyingine sasa, ya hoteli haifungui WhatsApp wala ramani ya Google, laini ya nje yenye roaming inafungua, kwa hiyo nunua bando kabla.

Guangzhou asili yao ni chai ya asubuhi na vile vitafunwa vidogo vya kwenye vikapu vya mianzi, ila vingi vina nguruwe au mafuta yake, ndo maana nilikuwa sijawahi kugusa. Kumbe maeneo ya Ximenkou kuna mgahawa mkongwe wa Wahui, Huimin Fandian, wanapika vya Kikantoni kihalali. Tulienda asubuhi, wazee watupu, wengine na gazeti, wanaosha vikombe na bakuli kwa chai ya moto kabla ya kula, nikaiga. Mwenzio akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndo asante yao, wifi aligonga asubuhi nzima kama anapiga ngoma. Uduvi ndani ya unga laini unaona rangi yake, ng'ombe ya mvuke, nikajilaumu kwa ile miaka ya tambi za kopo.

Halafu Xi'an, na hapa nitakaa kidogo. Treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini ni kama masaa nane, umbali unapita kilomita elfu mbili, wifi alilala mimi nilihesabu mahandaki. Kila mtu atakwambia nenda Mtaa wa Waislamu nyuma ya Mnara wa Ngoma. Nenda, lakini ule mtaa mkubwa wa Beiyuanmen ni wa kupiga picha, ngisi kwenye kijiti, juisi ya komamanga, kelele, bei ya mgeni. Kata kushoto ingia vichochoro, tafuta Dapiyuan au Sajinqiao, hapo ndo Wahui wanakula wenyewe. Sajinqiao asubuhi kuna hulatang, supu nzito ya vidonge vya nyama na mboga na pilipili manga, unachovya mkate, mtu wa supu ya Kariakoo alfajiri hatajiona mgeni.

Mfalme wa pale ni paomo. Wanakupa bakuli tupu na mikate miwili migumu, basi, mhudumu anaondoka. Kazi ni yako, unamega kwa vidole vipande vidogo kama punje za soya, kisha bakuli linarudi jikoni na namba yako linapikwa kwenye supu ya kondoo au ng'ombe. Mimi nilimega vikubwa vikubwa dakika tano nikainua mkono, mzee wa meza ya pili, kofia nyeupe kichwani, akachungulia bakuli langu akatikisa kichwa, akaanza kumega wa kwake taratibu ananionyesha bila neno hata moja. Nusu saa. Wifi na mimi tumeshapiga stori zote za ukoo tumefika kwa mashangazi ndo bakuli likaiva. Ilikuja na kitunguu saumu cha kuchachushwa kitamu, kula punje moja moja, na supu usiikoroge ikapoa. Wanasema mpishi akiona vipande vidogo anajua huyu anajua kula, anapika kwa adabu. Yuan 38 hivi kwa bakuli na sikuweza kula usiku.

Tahadhari mbili za Xi'an kwa wasiokula nguruwe, maana majina yanafanana. Roujiamo, mkate wenye nyama ndani, kwa Wahui ni ng'ombe, ukitoka nje ya mtaa wao kawaida ni nguruwe. Na kuna paomo inaitwa hulutou, ile ni utumbo wa nguruwe. Soma 清真 kwanza, njaa baadae.

Chengdu tulipita siku mbili tu. Pilipili yake sio ya kuchoma tu, kuna punje zinaitwa huajiao, mdomo unakufa ganzi kama umetoka kung'olewa jino, sisi wa pilipili mbuzi tulijiamini tukaagiza kali kwenye mgahawa wa Wahui karibu na msikiti wa Huangcheng, nikashindwa kujua kama chai ni ya moto au baridi. Sema wei la, kali kidogo. Kidogo yao ni nyingi.

Wifi ameshanipigia, Aprili kwenye maonyesho ya biashara ya Guangzhou anataka twende Lanzhou kwenyewe akaone huo ugomvi wa tambi nani mkweli. Nimemwambia sawa, mikoba iliyoko stoo iishe kwanza.