Vitamini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: zipi ununue Mombasa kama zinakuchafua roho

Aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji hunywa vitamini maisha yake yote, na mtihani ni kwamba hizo hizo vitamini ndizo zinazomletea kichefuchefu. Tumbo lililobaki ni dogo na asidi yake imepungua. Kwa waliofanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaoacha kijifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo ulio mbele zaidi, chakula hakipiti tena kwenye duodenamu, sehemu ya utumbo inayofyonza chuma kwa wingi. Kidonge ulichokuwa ukikimeza zamani bila kukisikia sasa kinakaa pale pale, kinayeyuka taratibu ndani ya kijifuko kitupu, nawe unatema mate saa nzima. Wengi huacha kimyakimya, na upungufu hauji kujionyesha mpaka miezi imepita. Tunawasihi msiache. Badilisheni mnachonunua.

Mara nyingi tatizo huletwa na madini, hasa chuma na zinki. Zinki ikimezwa bila chakula humchafua roho hata mtu ambaye hajawahi kuguswa na kisu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ukiwa mtu wa kichefuchefu, usinunue kidonge kimoja chenye kila kitu. Nunua multivitamini isiyo na chuma, chuma kando, kalsiamu kando. Utalipia chupa tatu badala ya moja, lakini utajua ni ipi inayokusumbua.

Kabla ya kutoa pesa, geuza chupa usome nyuma

Mwongozo wa 2016 wa ASMBS, chama cha madaktari wa upasuaji huu nchini Marekani, ndio unaofuatwa na wengi. Kwa siku, aliyefanyiwa baipasi au aliyekatwa tumbo likabaki mfano wa mrija anahitaji takriban hivi: vitamini B1 isipungue miligramu 12, na bora ifike 50, vitamini B12 mikrogramu 350 hadi 500, asidi ya foliki mikrogramu 400 hadi 800, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba 800 hadi 1,000, vitamini D yuniti 3,000, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500. Chuma ni miligramu 45 hadi 60 kwa baipasi, kwa waliokatwa tumbo na kwa mwanamke anayepata hedhi. Zinki iende na shaba: kwa kila miligramu 8 hadi 15 za zinki, iwepo miligramu 1 ya shaba. Daktari wako akikupangia vingine baada ya kupima damu, fuata chake.

Mtego uko kwenye kipimo. Mbele ya chupa pameandikwa kalsiamu 1,000, ukisoma nyuma unakuta hiyo ni kwa vidonge vinne. Chukua bei, gawa kwa idadi ya vidonge, kisha zidisha kwa vile utakavyokunywa kwa siku. Chupa iliyoonekana rahisi mara nyingi hupanda bei hapo hapo kwenye kaunta.

Jambo jingine, ambalo kwetu Pwani lina uzito wake: kapsuli nyingi na peremende nyingi za vitamini hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta alama ya halali au kapsuli za mimea. Mfamasia asipojua asili yake, usikisie.

1. Multivitamini ya kutafuna ya wagonjwa wa upasuaji huu, isiyo na chuma

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Imepimwa kwa tumbo lililopunguzwa, na ukiitafuna mpaka iwe ungaunga, hakuna kidonge kitakachokaa mahali pamoja. Tena inagawanyika: nusu baada ya kifungua kinywa, nusu baada ya chakula cha mchana. Kugawanya huko peke yake huwatuliza wengi.

Hasara zake ni bei na upatikanaji. Si kila duka la dawa linaweka rafuni. Uliza kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji na Nyali, nao watakuagizia. Chunguza pia utamu. Yenye sukari nyingi inaweza kumletea aliyefanyiwa baipasi jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha, na yenye sorbitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, hujaza gesi. Ladha nayo huchosha, kwa hiyo chupa ya kwanza iwe ndogo kuliko zote.

2. Kapsuli ya wagonjwa hao hao, isiyo na chuma

Inamfaa aliyekwisha kupona na anayechukizwa na ladha ya kutafuna. Ukishindwa kuimeza nzima, ifungue uchanganye na vijiko viwili vya mtindi, ila jua kwamba vitamini B zina harufu kali zikiwa wazi. Ambaye roho yake huchafuka kwa harufu aimeze nzima katikati ya chakula, asisubiri mwisho, maana tumbo likijaa halina nafasi tena.

3. Multivitamini ya kawaida ya watu wazima, ya kutafuna, mara mbili kwa siku

Hii ndiyo njia ya mwenye bajeti ndogo, na hatuidharau. Mara nyingi inakosa B1, B12 na vitamini D ya kutosha, kwa hiyo ongeza B1, B12 na vitamini D kando. Kwa B12, sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi ni msaada mkubwa kwa mtu wa kichefuchefu: dawa moja imetoka mdomoni. Kuwa mwangalifu na vidonge vya B1, B6 na B12 vilivyochanganywa, vile vinavyouzwa kwa ganzi ya miguu. B6 yake huwa nyingi, na ikinywewa kwa muda mrefu yaweza kuharibu mishipa ya fahamu.

4. Ya maji

Nzuri kwa majuma ya mwanzo ambapo hakuna kigumu kinachopita. Baada ya hapo dozi huwa hafifu na sukari nyingi.

5. Ya kuyeyusha kwenye maji yenye povu

Gesi hubana tumbo dogo. Ukilazimika, koroga uache mpaka povu liishe kabisa, kisha unywe kwa vifundo vidogo.

6. Peremende za vitamini, na plasta za kubandika

Usinunue. Peremende nyingi madini yake ni machache na B1 hukosekana kabisa. Ni kweli hazichafui roho, lakini ni kwa sababu kilichomo ni kidogo. Plasta hazina ushahidi wa kutosha kwamba hukupa dozi unayohitaji.

Chuma chenyewe

Namba ya mbele ya pakiti haikuambii chuma unachopata. "Ferrous sulphate" miligramu 200, kidonge cha bei nafuu kuliko vyote, kina chuma halisi miligramu 65 hivi. "Ferrous fumarate" ya 200 ina kiasi hicho hicho. "Ferrous gluconate" ya 300 ina 35. Chuma cha "bisglycinate" ndicho kinachovumilika zaidi tumboni. Bei yake iko juu, na lebo zake nyingi hutaja chuma halisi moja kwa moja. Tungeanza na hicho. Usinunue chuma kinachotoka polepole au kilichopakwa ganda la kupita tumboni: kwa aliyefanyiwa baipasi, kinaachilia mzigo wake baada ya kupita mahali pa kufyonzwa. Cha maji hupaka meno weusi, kwa hiyo mimina nyuma ya ulimi na usukutue.

Kinywe usiku na maji yaliyokamuliwa ndimu, kisha ukae wima nusu saa kabla ya kulala. Chai ya maziwa na kahawa ziwe mbali nacho kwa saa mbili, kwa sababu hukizuia kufyonzwa.

Kalsiamu

Chagua yenye neno "citrate". Ile ya "carbonate" inahitaji asidi ili iyeyuke, na wewe asidi yako imepungua, tena wengi mnakunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, juu yake. Mwili haupokei zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja. Iachane na chuma kwa saa mbili.

Siku ya kawaida yaweza kwenda hivi: multivitamini baada ya kifungua kinywa saa mbili asubuhi, kalsiamu saa tano, saa kumi na saa moja jioni, chuma saa nne usiku. Mwezi wa Ramadhani, kama daktari amekuruhusu kufunga, multivitamini na kalsiamu ya kwanza ziende na futari, ya pili baada ya tarawehe, chuma saa tano usiku, kalsiamu ya mwisho wakati wa daku.

Kununua na kuweka

Nunua kwenye duka lenye cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, si kwa mchuuzi anayeanika chupa juani. Tikisa chupa: vidonge vya kutafuna vilivyogandamana vimeshapata joto. Unyevu wa Mombasa huviharibu hata nyumbani, kwa hiyo visikae bafuni, jikoni wala ndani ya gari, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kibaki chupani. Kwa harufu, toa dozi za siku moja tu, uziweke kwenye kikopo chenye kifuniko.

Ukianza upya, anza na kimoja. Multivitamini nusu dozi kwa siku tatu, kisha nzima, halafu kalsiamu, chuma kiwe cha mwisho. Kichefuchefu kikirudi, unajua kimekuja na nani.

Kama kubadilisha hakujasaidia

Kichefuchefu kinachokuja hata siku usizokunywa vitamini kina chanzo kingine: kula haraka, njia ya chakula kuwa nyembamba, kidonda, mawe ya nyongo, au mimba. Uzazi hurudi upesi uzito ukipungua, na vidonge vya kupanga uzazi si vya kutegemea sana baada ya baipasi, kwa hiyo pima. Chuma kisichovumilika kwa namna yoyote hutolewa kwa mshipa hospitalini.

Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo ni dharura. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya majuma machache, na ikiisha mtu huanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba anapotembea na kuchanganyikiwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mbebe chupa zote anazotumia, na mwambieni daktari wa zamu mapema kwamba huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo na amekuwa akitapika, ili apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi.