Mama wa Ibuza na hadithi ya bibi yangu wa Newala

Kitabu kinaitwa The Joys of Motherhood, cha Buchi Emecheta wa Nigeria, kilichotoka mwaka 1979. Nilikinunua Dar kwa muuza vitabu vya mtumba, nikaja kukisomea huku Mtwara msimu wa korosho, jioni baada ya kubangua. Ndiyo maana kurasa nyingi zina alama nyeusi za vidole vyangu. Utomvu wa ganda la korosho hautoki hata kwa sabuni ya mche.

Kinaanza na mama anayekimbia. Ni Lagos, mwaka 1934. Nnu Ego amemkuta mwanawe wa kwanza, kichanga, amekufa. Anakimbilia Daraja la Carter akajitupe majini, na huku anakimbia maziwa yanamtoka, yanalowesha nguo kifuani.

Hapo nilikifunga kitabu. Mimi nami nilimzika wa kwanza, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa hayajui kama kuna msiba. Saa ya kunyonyesha ikifika, yanakuja. Shangazi alinifunga kifua kwa kanga, akaikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri, na bado asubuhi kanga ilikuwa imelowa. Sikuwahi kulikuta jambo hilo kitabuni kabla ya Emecheta.

Kwa nini balaa limwandame binti huyu? Jibu liko kwenye chi, roho ambayo Waigbo, kabila la Nnu Ego, wanaamini kila mtu huzaliwa nayo na ndiyo inayoshika majaliwa yake. Chi ya Nnu Ego ni kijakazi aliyelazimishwa kuzikwa pamoja na bibi aliyekuwa akimtumikia, mke mkubwa wa baba yake Nnu Ego. Alisihi aachwe hai, hakusikilizwa. Akaapa kwamba atarudi katika nyumba ileile akiwa binti halali. Nnu Ego akazaliwa na uvimbe kichwani, mahali palepale kijakazi alipopigwa. Emecheta halielezi jambo hilo kwa kulishangaa. Analisimulia kama bibi yangu alivyokuwa akisimulia, kama mtu anayekutajia bei ya chumvi.

Bibi alikuwa mtu wa Newala, karibu na Shimo la Mungu, pale unaposimama ukingoni ukaliona bonde la Ruvuma lote chini yako. Alitusimulia kwamba mtu wa kwanza wa Kimakonde alichonga sanamu ya mti, akailaza nje, kukicha ikawa mwanamke. Wakazaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wakazaa tena, akafa. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, uwandani, huyo akaishi, na ndiye sisi. Utotoni niliisikia kama hadithi ya kuhama. Baada ya kumsoma Nnu Ego naisikia kama hadithi ya mama aliyezika wawili, akapanda mlima na mimba ya tatu.

Kuna mahali tunaachana. Ibuza, kijijini kwao Nnu Ego, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana kauli. Kwetu kwa asili mtoto ni wa ukoo wa mama, na akizaliwa wa kike wajomba wanafurahi kwa kuwa ukoo haujakatika. Nilikasirika sana kila mabinti wa Nnu Ego walipopitwa, ada ya shule ikaenda kwa kaka zao.

Katikati kitabu kinachosha. Shida za Lagos, za kodi na chakula na mume Nnaife anayepata kazi na kuikosa, zinajirudia mno, na yule kijakazi anakaa kimya sura nyingi mpaka unamsahau. Kiingereza cha kitabu hakisumbui. Nilifungua kamusi mara chache. Jina la kitabu limechotwa kwenye maneno ya mwisho ya Efuru, riwaya ya Flora Nwapa ya mwaka 1966, nayo sasa naitafuta.

Kama kaburi la mwanao bado bichi, dada yangu, usianze na sura ya kwanza. Anza ya pili, inayorudi nyuma kwa wazazi wa Nnu Ego, umjue kwanza yule kijakazi. Darajani utarudi siku utakayoweza. Mimi nilikaa siku nne kabla sijakifungua tena.